Kambi tuliyolipia imefungwa. Mnaoijua Texas, nisaidieni

Mama Tausi:
Wakuu habari za huko mliko, wakubwa shikamooni. Tuko kaskazini mwa Dallas, familia kadhaa za Wakenya na Watanzania. Tumechanga hela tangu baridi ili mwisho wa Juni watoto wakalale kwenye mahema kando ya ziwa. Nafasi tulishalipia Recreation.gov, tovuti ya serikali kuu ya kuwekea nafasi za kambi. Juzi ukaja ujumbe: kambi imefungwa, bajeti imekatwa, wafanyakazi hawatoshi. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo simu yangu haipumui. Baba mmoja anasema twende hivyo hivyo, geti lenyewe ni mnyororo tu, tuegeshe nje tuingie kwa miguu. Wengine wanadai chao. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Kobe Mwendopole:
Yaani mtu anahama kijijini, anavuka bahari, halafu analipa dola akalale chini 😂

Mama Tausi:
Shemeji cheka tu. Hawa wangu wamezaliwa hapa, nyota wanaziona kwenye simu.

Mjomba wa Irving:
Hela isikuumize kichwa. Wakifunga wao, wanarudisha zote, hata ile ada ya kuweka nafasi. Ila usikimbilie kubofya "cancel" wewe mwenyewe, maana hapo utahesabika umeghairi kwa hiari na watakata chao. Subiri waifute wao, kisha angalia kadi iliyolipa.

Bint Pangani:
Huyo baba wa mnyororo mwambieni akae chini. Ardhi ya serikali kuu ikishafungwa, kuingia ni kosa. Kwenye maziwa yanayosimamiwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, kwa mfano, kanuni inataja faini hadi dola 5,000 au kifungo hadi miezi 6. Mara nyingi utaandikiwa karatasi ya faini tu, lakini kuna wangapi humo wanaosubiri uraia? Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa AU kuandikiwa kosa na askari. Uje kumweleza ofisa kwamba ilikuwa kwa ajili ya nyama choma?

Kijana wa Kisumu:
Mimi naona wanazidisha. Kambi ni nyasi na meza ya mbao, mfanyakazi wa nini?

Mjomba wa Irving:
Kijana, choo kinaoshwa na nani? Maji ya bomba yanapimwa na nani, takataka, mti mkavu juu ya hema lako? Serikali kuu ilipokwama kwa siku 35 bila bajeti, Desemba 2018 hadi Januari 2019, hifadhi nyingi ziliachwa wazi bila watu. Kule Joshua Tree, hifadhi ya taifa ya California, vyoo vilikaribia kujaa hadi kambi zikafungwa. Na mwaka 2025 kulikuwa na hili pia: ajira za serikali kuu zilisimamishwa kuanzia Januari. Hata palipokuwa na hela ya viingilio, kuajiri mtu kukawa kugumu.

Bint Pangani:
Mama Tausi, iliyokatwa ni bajeti ya Washington. Hifadhi za jimbo la Texas zina mfuko wao. Mwaka 2019 wapiga kura walipitisha kwamba kodi ya mauzo ya vifaa vya michezo iende hifadhi na maeneo ya kihistoria, na 2023 wakaidhinisha mfuko wa dola bilioni 1 wa kununua ardhi ya hifadhi mpya. Tafuta huko. Kadi ya mwaka inaingiza gari zima, ila kulala mnalipia kando. Wikiendi za Juni zimejaa, jaribu Jumapili hadi Jumatano.

Mzee Ngoma:
Mkikosa kabisa, kuna msitu wa taifa wa Sam Houston, karibu na Huntsville. Nje ya msimu wa kuwinda kulungu unaruhusiwa kupiga hema porini bure. Hakuna choo wala maji, unabeba vyako na kuondoka na takataka zako. Mpigie ofisa wa msitu kwanza umuulize kama kuwasha moto kunaruhusiwa. Kwa watoto wadogo na joto la Juni mimi ningesita, mwanangu. Kupe wa huko hawana adabu.

Mama Tausi:
Asanteni sana, wazee na ndugu zangu. Porini hapana, nina wajukuu wa watu. Nimepata nafasi hifadhi ya jimbo, Jumatatu hadi Jumatano. Baba wa mnyororo kanuna, anasema hapati ruhusa kazini. Sasa swali jingine: mwenye hema la watu 6 la kuazimisha, aliye karibu na Plano, anitumie ujumbe.