Ushauri: Kuingia Glasgow na motahomu, tuna bi mkubwa ndani. Inawezekana?

MtuWaKaole:
Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa mnaoishi Uskoti au mliowahi kupeleka gari kubwa huko.

Mama yangu mzazi amekuja kutoka Bagamoyo, yuko nasi hapa Reading, Uingereza, mpaka Septemba. Shule zikifungwa mwishoni mwa Julai tunataka kumpeleka Glasgow. Rafiki yangu ana motahomu (lile gari la kulala lenye jiko na choo humo humo), kasema nichukue wiki nzima bure, mafuta juu yangu. Ni Fiat Ducato ya dizeli, usajili wa 2013, urefu mita saba hivi, kimo karibu mita tatu. Tutakuwa watano: mimi, mke, mama na watoto wawili, wa miaka tisa na sita.

Mpango ni kuingia mpaka katikati ya mji, tutafute mtaa uliotulia karibu na George Square, tupaki, tulale humo humo siku mbili tatu na kutembea kwa miguu. Nimeambiwa Uskoti sheria inaruhusu mtu kupiga kambi popote, kwa hiyo kambi za kulipia naona ni kutupa hela. Shemeji yenu anasema naota.

Mama ana matatizo ya magoti, ngazi nyingi haziwezi. Chakula lazima kiwe halali. Na ni mwalimu mstaafu wa historia, maduka hayamshughulishi kabisa, anataka vitu vya kuona na vya kuuliza maswali.

Naombeni mwongozo. Kama nimedanganywa, matusi mpelekeeni aliyenidanganya.

Fundi_Dizeli:
Mkuu, ishia hapo hapo. Ducato ya dizeli ya 2013 ni Euro 5 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa gari, namba ikiwa kubwa moshi ni safi zaidi). Katikati ya Glasgow kuna LEZ, eneo ambalo magari yenye moshi mchafu yamepigwa marufuku, na tangu 1 Juni 2023 inahusu magari yote, siyo mabasi tu. Petroli iwe Euro 4 kwenda juu, dizeli iwe Euro 6. Motahomu haina msamaha.

Usiichukulie kama London. Kule unalipa ada ya siku, unaingia, yameisha. Glasgow hakuna ada ya kulipa, gari haliruhusiwi, nukta. Kamera zinasoma namba saa 24, siku zote za mwaka. Faini ya kwanza pauni 60, ukilipa ndani ya siku 14 inashuka mpaka 30. Ukirudia ndani ya siku 90 inapanda 120, halafu 240, mpaka kikomo cha 480 kwa gari la aina hiyo. Na barua haiji kwako! Inakwenda kwa mwenye gari aliyeandikwa kwenye usajili. Jamaa kakupa gari bure, wewe unamrudishia na bahasha za serikali.

Mipaka yake ni barabara kuu ya M8 upande wa kaskazini na magharibi, mto Clyde kusini, na Saltmarket pamoja na High Street mashariki. George Square iko ndani kabisa. M8 yenyewe haimo, ukipita juu yake tu huguswi.

Kabla ya chochote ingia kwenye tovuti ya LEZ ya Uskoti, andika namba ya gari, itakwambia papo hapo.

MtuWaKaole:
Duh. Nimeandika namba, imekuja nyekundu. Sasa nikilala nje kidogo ya mstari, ng'ambo ya mto kwa mfano?

MamaZuu_Govanhill:
Mdogo wangu, mimi ndiyo naishi huko ng'ambo ya mto, nakuonea huruma. Mitaa yetu ni ya majengo ya ghorofa yaliyoungana, magari yamepangwa bampa kwa bampa pande zote mbili. Nafasi ya mita saba utaitafuta mpaka watoto walale. Ukisema upandishe tairi juu ya njia ya waenda kwa miguu ili wengine wapite, hiyo nayo ni faini ya pauni 100 siku hizi. Na majirani hapa wanachungulia madirishani, jua hilo.

Huyo aliyekwambia unalala popote hakukudanganya kabisa, kakupa nusu ya habari. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa mtu haki ya kutembea karibu kila mahali na kupiga hema siku chache. Gari la injini halimo kwenye hiyo haki. Anayekuja kwa miguu na hema mgongoni ana ruhusa, wewe na Ducato yako huna.

Sasa nisikilize. Motahomu ikufikishe Glasgow, isiingie Glasgow. Iache kambini, mjini nendeni kwa treni. Hivyo tu, na utafurahia mji.

Kuna sehemu mbili ningekushauri. Moja ni kambi iliyo ndani ya Strathclyde Country Park, pembeni ya Motherwell. Unatoka M74 makutano namba 5 na umefika, huna haja ya kuupita mji. Ubaya wake stesheni haiko mlangoni, mchukulie mama teksi mpaka Motherwell au Hamilton. Ya pili ni Balloch, kwenye ncha ya kusini ya ziwa Loch Lomond. Pale kambi na stesheni ni mwendo wa kutembea, na treni inakupeleka moja kwa moja mpaka stesheni ya Queen Street katikati ya Glasgow bila kubadilisha. Haifiki saa nzima. Nauli za asubuhi zile za kukamua zilifutwa Septemba 2025, kwa hiyo panda saa yoyote bei ni ile ile.

Ila ukiwa Balloch usije ukasogea ufukweni ukalala bure. Sehemu nyingi za kingo za ziwa, kuanzia 1 Machi mpaka 30 Septemba, zinataka kibali. Na usubi! Jioni upepo ukitulia wanakula mtu mzimamzima. Nunua dawa ya kupaka mapema.

Jogoo_la_Mjini:
Kwa nini Glasgow jamani? Nenda Edinburgh kuna ngome, kuna historia. Glasgow kuna mvua na walevi tu.

MamaZuu_Govanhill:
Jogoo, Edinburgh nayo ina LEZ yake tangu 1 Juni 2024, gari lile lile litagoma. Agosti ndiyo matamasha, kambi zinajaa. Na ngome iko juu ya mwamba, barabara ya mawe inapanda, mwenye magoti ataifurahia kwa picha. Mvua hatubishani.

Kipkemboi_Diaspora:
Sasa ndugu zangu wa Bongo. Hakuna mtu amemwambia kuhusu Michezo ya Jumuiya ya Madola? Imepangwa Glasgow, 23 Julai hadi 2 Agosti 2026. Hizo ndizo tarehe zake kabisa! Ukitaka kambi ya wiki hiyo, buku leo, usingoje. Tena shule za Uskoti zinafungwa mwisho wa Juni, wenyeji watakuwa wameshachukua nafasi zote za wikendi.

Kwa upande mwingine, kama mama ni mwalimu, mpeleke uwanja wa Scotstoun jioni moja akaone riadha. Wetu wa Kenya wakikimbia yeye ashangilie wake, hakuna ubaya. Mwalimu wa rika lake lazima anamkumbuka Filbert Bayi, Christchurch 1974, mita 1,500 akiongoza toka mwanzo mpaka mwisho na rekodi ya dunia juu. Sisi hiyo siku tulichukua namba tatu tu, bado inauma.

MtuWaKaole:
Hahaha, Kipkemboi umenimaliza. Nimemsomea mama hii sehemu, kasema siku hiyo aliisikiliza redioni. Ameniuliza tiketi ni bei gani kabla hata sijamaliza kusoma.

Tairi_Sita:
Nimekuwa nikiendesha haya magari miaka sasa, naongeza yasiyosemwa.

Hesabu mikanda, usihesabu vitanda. Hili ndilo linaloangusha familia nyingi. Motahomu inaweza kuandikwa ya watu sita kulala, kumbe viti vyenye mikanda ni vinne tu. Ninyi ni watano. Nenda kaangalie mwenyewe kwa macho, vuta kila mkanda. Watoto wako wote wawili wanahitaji viti vyao, sheria ni mpaka miaka 12 au sentimita 135, lolote litakalotangulia. Wakiwa chini ya miaka 14, wasipofunga mkanda anayeulizwa ni dereva.

Bima. "Rafiki kaniruhusu" siyo bima. Jina lako liingizwe kwenye bima yake kabla hujawasha gari.

Uzito. Leseni ya kawaida mwisho ni kilo 3,500, gari likiwa na kila kitu na kila mtu. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100 hizo. Nawajua akina mama zetu, atataka kubeba unga, mchele, nazi na sufuria kubwa la pilau. Safiri na maji kidogo, jaza kambini.

Kimo. Chukua utepe, pima toka chini mpaka juu ya kile kidirisha cha paa, andika namba kwenye karatasi bandika mbele ya usukani. Maegesho mengi ya ghorofa yana chuma kilichoning'inia kwenye mita mbili na kitu. Supamaketi pia, baadhi yao. Ramani ya simu ya kawaida haijui kuwa una mita tatu.

Njia: kutoka kwako panda M40, M42, M6 mpaka mpakani Gretna. Hapo inageuka A74(M), halafu M74. Ni kama maili 400, usiifanye kwa mkupuo mmoja na mtu mzima ndani. Vituo vya mapumziko vya barabara kuu vinakupa saa mbili bure, baada ya hapo kamera inaanza kuhesabu, usisinzie ukapitiliza. Ukilazimika kupita M8 katikati ya Glasgow kwenda Balloch, kuwa macho, kuna njia za kutokea zinazochomoka upande wa kulia badala ya kushoto. Mgeni anashtuka, anakata njia tatu kwa mara moja. Na ukikosea njia ya kutokea hapo, unaangukia ndani ya LEZ. Ndiyo maana mimi ningepita Jumapili asubuhi. Daraja la Erskine, la kuvukia Clyde kuelekea Balloch, halina tozo.

Fundi_Dizeli:
Hapo kwenye kukosea njia ya kutokea, Tairi kasema kweli. Bora akae Motherwell tu.

MamaZuu_Govanhill:
Kuhusu mama, sasa hapa ndipo nilikuwa nasubiri. Mwalimu wa historia, wa Bagamoyo, halafu mnabishana maegesho?

Mpeleke Blantyre. Ni jirani kabisa na hiyo kambi ya Strathclyde Country Park, na iko nje ya LEZ, motahomu inafika. Ndipo alipozaliwa David Livingstone mwaka 1813. Lile jengo walimoishi wafanyakazi wa kiwanda cha pamba bado lipo, na unakiona chumba chenyewe. Chumba kimoja, familia nzima: kulala humo, kupika humo. Mtoto alianza kazi kiwandani akiwa na miaka kumi.

Lakini kitakachomgusa mama siyo Mzungu. Makumbusho yalifunguliwa upya 2021, na safari hii wamewapa nafasi akina Susi na Chuma, waliobeba mwili wake kutoka Chitambo (Zambia ya leo) alikofia, zaidi ya maili elfu moja, mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Moyo waliuzika kule kule. Mama yako amekua anaupita ule mnara wa Livingstone pale misheni, ndiyo mwili ulipolazwa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Anaijua hadithi kuanzia mwisho wake. Mwacheni aende akaione mwanzo wake, na mtengeni saa tatu nzima, asiharakishwe na watoto.

Mjini mpeleke makumbusho ya Kelvingrove. Bure, ina lifti, ndege ya vita ya Spitfire imening'inizwa juu ya tembo aliyekaushwa, watoto watapagawa. Saa saba mchana wanapiga kinanda kikubwa cha ukumbini, viti vya kukaa vipo. Treni za chini ya ardhi achana nazo. Zilianza 1896, watoto watazililia, lakini kati ya stesheni 15, lifti ziko Govan na St Enoch tu. Tumieni basi.

Chakula usihofu, Allison Street huku kwetu na Albert Drive kule Pollokshields halali ni mlango kwa mlango. Kuku, mbuzi, mpaka mihogo utapata.

MtuWaKaole:
Dada MamaZuu, mama amenyamaza muda mrefu, halafu kasema "hao Susi na Chuma niliwafundisha miaka yote ile na sikujua huku wanajulikana." Glasgow imeshapita.

Nimekwenda kuangalia mikanda. Ni minne. Kwa hiyo mke na mtoto mmoja watakuja kwa treni mpaka Motherwell, sisi watatu na motahomu. Shemeji yenu kafurahi kupita kiasi, nadhani alikuwa anatafuta njia ya kulikimbia hilo gari. Rafiki yangu ameniongeza kwenye bima. Kambi nimepata siku tano, zilibaki nafasi mbili.

Swali la mwisho: Ijumaa tutakuwa huko. Msikiti mkuu unafikika bila kuingia kwenye hilo eneo la marufuku?

MamaZuu_Govanhill:
Unafikika. Uko ukingo wa kusini wa Clyde, nje ya mstari. Lakini motahomu iacheni kambini, Ijumaa maegesho pale ni vita. Shukeni stesheni ya Argyle Street, chukueni teksi mvuke daraja, mama asitembee. Muwe mmeshafika kabla ya saa saba. Na mkitoka mniambie, nitakuwa na pilau, mama yako asipike siku hiyo.