Wataalamu wa nje wanakuja wodi ya watoto wachanga: tuwaombe nini kitakachobaki?

Sista_wa_Njiti

Habari za humu ndani wakuu. Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga. Kuna timu ya madaktari bingwa inakuja kutoka nje kutusaidia kuboresha huduma. Barua yao inauliza tunahitaji nini, na mganga mkuu amenisukumia mimi niijibu.

Wenzangu wote wanasema niandike inkubeta. Inkubeta tunazo, na moja siku hizi inatunza mashuka. Wageni waliopita walitufundisha siku nzima kumpumulisha mtoto asiyelia, tukapewa vyeti, picha zikapigwa. Haukupita muda akazaliwa njiti wa gramu 1300 usiku, na aliyekuwa zamu akawa anafungua droo moja baada ya nyingine akitafuta barakoa ndogo ya kumwenea usoni.

Kwa mliowahi kufanya kazi na timu hizi, au mlio ndani yake: tuombe nini? Jibu la "pesa" nimeshalisikia.

Fundi_Vifaa_Tiba

Dada, kabla ya jina la mashine yoyote, ulizia vipuri. Mashine ya kuzalisha oksijeni isiyo na vichungi vya akiba ni mzigo tu. Ulizia pia vile vipira vya puani vya CPAP, mashine inayomsukumia mtoto hewa puani mfululizo huku bomba lake likitoa mapovu kwenye chupa ya maji, kwa saizi zote. Kipira kikubwa kinamchubua mtoto pua, na kidogo kinavujisha hewa hadi mapovu yanakoma kwenye chupa. Na oksijeni isije bila kipima oksijeni chenye waya wa kufunga mguuni kwa mtoto mchanga, maana oksijeni iliyozidi huharibu macho ya njiti.

Ukitaka mfano mzuri, tazama Pumani, CPAP ya mapovu waliyoibuni wahandisi wa Rice University ya Marekani pamoja na madaktari wa Queen Elizabeth Central Hospital kule Blantyre, Malawi. Ya kwanza waliijaribu kwa pampu za matangi ya samaki! Matokeo yalitoka 2014: kati ya watoto wenye shida kubwa ya kupumua waliopewa oksijeni ya kawaida walipona 44%, waliowekwa kwenye mapovu 71%. Lakini Rebecca Richards-Kortum, mhandisi wa Rice, na wenzake hawakubuni kifaa kisha wakatafuta wodi ya kukipeleka. Walikuwa na Elizabeth Molyneux, daktari wa watoto aliyeijua wodi ile vizuri. Waulize wageni wako nani wa kwenu amekaa mezani nao. Kama hayupo, omba hilo kwanza.

Daktari_Mstaafu

Sista, hilo la cheti na droo ulilolieleza limeshapimwa, tena kwa uangalifu. Tafuta habari za Haydom, Tanzania. Hospitali ile iko mbali na miji mikubwa, na Hege Ersdal, daktari wa Norway, amefanya utafiti pale miaka mingi na wenzake Watanzania. Walifundisha watumishi kwa siku moja kwa mtaala wa Helping Babies Breathe, ule unaosisitiza kwamba mtoto asiyepumua aanze kupuliziwa hewa ndani ya dakika ya kwanza. Kwenye mwanasesere wa mazoezi watu wakafanya vizuri sana. Kwenye chumba cha kujifungulia, hakuna kilichobadilika. Wakayaandika hayo waziwazi mwaka 2013, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote, maana wafadhili hawapendi kusoma habari za namna hiyo.

Kisha wakabadilisha mtindo. Mwanasesere akawekwa pale pale wodini, mkunga akiingia zamu anafanya zoezi la dakika chache, mara kwa mara, na kuna mwenzao wa hapo hapo anayesimamia. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1000. Ripoti ilitoka 2015, na mwandishi wa kwanza ni Estomih Mduma, mtu wa Haydom. Mimi hapo ndipo ninapoangalia siku zote: jina la kwanza kwenye ripoti ni la nani? Ukiona wageni watupu, ujue data zitaondoka nao.

Nimekuwa kwenye timu hizo nikiwa mgeni, kwa hiyo naongea kwa kuwajua. Wengi wana nia njema na tiketi ya kurudi. Usiwaombe semina. Waombe mwanasesere abaki wodini, mmoja wenu atengewe saa za kusimamia zoezi, na barakoa zihesabiwe kila zamu.

Mama_Mapacha

Samahani kuingilia, mimi si mtaalamu, nimelea njiti tu. Omba viti vya kuegemea. Niliambiwa nimweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi mchana kutwa, nikapewa kiti cha plastiki kilichonyooka. Mgongo ukagoma, nikamrudisha kitandani. Halafu madaktari wakipita raundi akina mama tunatolewa nje. Sasa huyo mtoto anakumbatiwa na nani?

Daktari_Mstaafu

Mama Mapacha, umesema kweli tupu, usiombe samahani. Njia hiyo ya kifuani, inayoitwa ya kangaroo, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipochoka kuona inkubeta moja ikilaza zaidi ya mtoto mmoja na maambukizi yakiwamaliza. Baadaye daktari wa watoto Nathalie Charpak akaifanyia majaribio na kuisambaza nchi nyingi.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2021, kwa watoto 3211 wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walikufa 12.0% ndani ya siku 28. Waliosubirishwa, 15.7%. Ili hilo liwezekane, vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya wodi ya watoto wachanga mahututi. Mama akawa sehemu ya wodi, hatolewi raundi ikipita.

Sista_wa_Njiti

Nashukuruni sana. Ila zoezi la zamu ya usiku linanitatiza. Usiku tuko wawili na watoto wamejaa. Nani atashika mwanasesere?

Daktari_Mstaafu

Wakati wa kukabidhiana zamu, Sista. Pale mko wanne kwa muda mfupi. Wawili wanaendelea na watoto, wawili kwa mwanasesere, dakika tatu zinatosha. Kesho mnabadilishana.

Sista_wa_Njiti

Sawa, hilo linawezekana. Basi naandika: vitanda na viti vya kuegemea vya akina mama ndani ya wodi, vipira na barakoa za saizi zote pamoja na vya akiba, vipima oksijeni vya watoto wachanga, mwanasesere wa kubaki, na mtu wetu mmoja kwenye utafiti wao tangu mwanzo. Inkubeta sijaiweka. Mganga mkuu ataniuliza, nitampeleka akaione ile ya mashuka.

Fundi_Vifaa_Tiba

Usiitupe hiyo. Nitumie picha ya kibati cha nyuma chenye namba, huenda ni fyuzi tu.