Tupeane uzoefu: mimea ikipiga manjano kwa njaa ya naitrojeni

Wa Kisauni
Jamani, masika iliyopita mchicha wangu ulipiga manjano majani ya chini, ya juu yamebaki kijani. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Kumbe ndio nauangamiza! Mchanga wetu wa pwani haushiki. Maji yakizidi, naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, huteremka nayo mizizi isiifikie. Mmea ukikosa naitrojeni huivuta kutoka majani makuukuu ukalisha machanga, maana bila hiyo hakuna klorofili (ile rangi ya kijani ya majani) wala protini. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri ndiyo iliyoniokoa. Nani mwengine yamemkuta?

Wa Likoni
Mbolea yangu mimi ni kunde. Marehemu nyanya alizipanda kati ya mahindi, nasi tukidhani anabana nafasi tu. Mwaka jana niling'oa shina moja, nikaosha mizizi ndani ya karai: vinundu tele, kama punje za mtama. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu kama nyama mbichi. Wekundu ule ndio alama kwamba bakteria waliomo, rizobia, wako kazini. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila vile ilivyo. Hao ndio huigeuza, na kunde huwalipa sukari. Siku hizi nikishavuna sing'oi. Nakata shina, mizizi inaozea humo humo, na majani nayarudisha shambani, kwani naitrojeni nyingi imo majanini.

Wa Bamburi
Msisahau mvinje. Palipo Haller Park leo palichimbwa mawe ya simiti, pakabaki mwamba mtupu. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya simiti, alipoanza kupanda miti mwaka 1971, mvinje ulishika kwa sababu mizizi yake nayo ina bakteria wake, Frankia. Wakaletwa jongoo kusaga majani yaliyoanguka, udongo ukajengeka. Nikipita pale nastaajabu kila mara.

Wa Mji wa Kale
Mimi nilizidisha. Pilipili zangu za kwenye ndoo nilizitia yurea, mbolea ya naitrojeni ya dukani, kiganja kizima. Mbili zikaungua kingo, zilizopona zikatoa majani mapana, mwezi mzima ua sikuliona. Mama wa Likoni, kunde zitakubali ndoo ya lita 20?

Wa Likoni
Zitakubali, mwanangu. Toboa matundu chini, na ule udongo wenye yurea uutoe, utie mwengine. Kunde ikishiba naitrojeni ya dukani haijisumbui kuunda vinundu.