Ringu, Kairo, Host au M3GAN: ipi ifae usiku wa filamu mtaani?

Kijana_wa_Umoja
Wadau, habari zenu. Jumamosi ijayo tunaonyesha filamu ya kutisha hapa Umoja, na tumekubaliana iwe ya vifaa vya kawaida vinavyogeuka hatari: simu, runinga, kompyuta, mwanasesere wa roboti. Nimebaki na nne: Ringu (1998), Kairo (2001), Host (2020) na M3GAN (2022). Projekta nalipia Alhamisi, kwa hiyo lazima niamue kabla ya hapo. Ipi itawashika watu?

fundi_mwanga
Umeacha yale yanayoamua. Ndani au nje? Watu wangapi? Projekta ina lumeni ngapi za ANSI, yaani mwanga wake halisi uliopimwa? Usinipe ile namba kubwa ya kwenye kasha. Na sauti inapita wapi, waya au Bluetooth?

DadaWaReli
Na umri. Watoto wakiwepo, nusu ya orodha yako inaanguka. Ukishafungulia umma, angalia kila filamu imepewa daraja gani na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya: GE (kila mtu), PG (mtoto na uangalizi wa mzazi), 16 au 18. Idhini ya mwenye filamu nayo ni jambo jingine, usilichanganye na hilo la bodi.

kanda_nyeusi
Ringu, bila kusita. Unatazama kanda ya video, simu inalia, na baada ya siku saba unakufa. Mzimu unaotoka kwenye runinga unatembea vibaya kwa sababu mwigizaji alirekodiwa akirudi kinyumenyume, kisha picha ikachezwa kinyume. Jicho linajua mwendo huo si wa mtu hata kabla ya akili kueleza kwa nini.

Mrembo_wa_Kodi
Vijana wa leo hawajawahi kushika kanda ya video, kanda_nyeusi. Watatishwa na nini?

kanda_nyeusi
Wanajua ujumbe wa WhatsApp unaosema "tuma kwa watu kumi la sivyo utapata msiba". Laana ya Ringu ni hiyo hiyo: unapona ukinakili kanda na kumwonyesha mwingine. Wataelewa bila kufundishwa.

fundi_mwanga
Mimi naipenda Kairo, ile ya mizimu inayoingia kupitia intaneti, kuliko zote, lakini kwa projekta ya kukodi siipendekezi. Niwaeleze onyesho moja lilivyoharibika, ukumbi sitautaja.

Projekta ilikuwa ndogo, kasha linasema lumeni 4000, mwanga halisi kama 150 za ANSI. Picha ikavutwa hadi inchi 120. Wakaanza saa kumi na mbili na robo jioni, mapazia mepesi, jua halijatua. Kairo imepigwa gizani kwa makusudi: mzimu husimama kwenye kona ambayo ni nyeusi kidogo tu kuliko ukuta. Mahali penye mwanga, hiyo tofauti inapotea. Yule mwanamke anayemjia mtu polepole, anapepesuka nusura aanguke, kisha anaendelea kuja, ukumbini alikuwa wingu la kijivu.

Maandishi ya tafsiri nayo yalitengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde, filamu inaenda 23.976. Saa moja ikipita, maandishi yametangulia kwa karibu dakika mbili na nusu. Mwendeshaji akawa anabonyeza G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea video. Hiyo husogeza maandishi yote kwa kiasi kimoja, haisaidii pengo linalokua. Dawa ni kufungua faili kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri maandishi hayo, kubadilisha kasi ya picha, kisha kujaribu mwanzo, katikati na mwisho wa filamu. Na spika ilikuwa ya Bluetooth, sauti inachelewa. Filamu ya kutisha ikichelewa sauti, mshtuko umekufa.

Ukishuka kutoka inchi 120 hadi 80, mwanga unazidi mara mbili bila kuongeza shilingi. Anza saa moja na nusu usiku, si mapema.

Mrembo_wa_Kodi
Basi Host. Haifiki hata saa nzima, marafiki wanaita mizimu kwenye Zoom. Kuna mahali kichungi cha uso, kile kinachobandika barakoa juu ya uso wako kwenye kamera, kinashika uso hewani, pasipo mtu. Hapo programu haijaharibika, inafanya kazi yake sawasawa: imetafuta uso, imeupata. Hiyo ndiyo hofu ya kweli ya vifaa.

fundi_mwanga
Kweli kabisa, ila Host ilitengenezwa kwa umbo la skrini ya laptopu. Nyuso ziko kwenye visanduku vidogo, na nusu ya vitisho viko nyuma ya bega la mtu. Aliye safu ya nyuma haoni. Hiyo ni ya kutazama peke yako, laptopu mbele, vipokea sauti masikioni.

Sauti_ya_Kayole
Watu mtaani hawasomi maandishi. Wekeni msimulizi wa Kiswahili kama anavyofanya DJ Afro, mambo yaishe.

kanda_nyeusi
Hapana, ndugu yangu. Kwa filamu za mapigano anafaa sana. Ringu inatisha kwa ukimya. Ukiujaza maneno umeondoa filamu yenyewe. Afadhali The Ring ya 2002, ya Marekani, iko kwa Kiingereza.

Sauti_ya_Kayole
Ukimya gani na matatu yanapita nje? Msimulizi anafunika kelele.

DadaWaReli
Kwa kelele hizo chagueni M3GAN. Imeng'aa, hata projekta dhaifu inaibeba, na hadithi inashikika: mwanasesere ameambiwa amlinde mtoto, hakuna aliyemwekea mpaka, anatii hadi anaua. Ila kuna toleo la sinema na jingine lenye damu zaidi. Hakikisha unajua umeshika lipi.

Kijana_wa_Umoja
Asanteni. Ni nje, ua wa ploti, watu kama arobaini. Projekta ni ya balbu, mwenyewe anasema inang'aa. Stima ya hapa hukatika.

fundi_mwanga
Balbu na stima ya kukatika haviendani. Umeme ukipotea ghafla feni inasimama balbu ikiwa moto, na hapo inaweza kuharibika au hata kupasuka. Tafuta UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, inayobeba wati 300 kwa dakika chache, kisha zima projekta kwa kitufe na uache feni imalize. Mwulize mwenye projekta balbu imetumika saa ngapi, namba iko kwenye menyu.

DadaWaReli
Ua wa ploti una watoto. Umri bado hujasema.

Sauti_ya_Kayole
UPS ya kukodi inapatikana wapi huku Eastlands?