Nimeipa laptopu ya kazi kipaumbele kwenye ruta, kasi ya nyumba nzima imeporomoka

Wakuu, naombeni ushauri. Nafanyia kazi nyumbani. Kila jioni watoto wakirudi, kikao cha video kinaanza kusumbua: mimi nawasikia wenzangu vizuri, wao wananisikia kama roboti. Juzi nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikawasha QoS (mpangilio wa kuamua kifaa kipi kihudumiwe kwanza), nikaiweka laptopu juu kabisa. Ahueni ni kidogo tu, ila nikipima kasi, megabiti 300 zimekuwa 110, hata usiku wa manane laptopu ikiwa peke yake. Nikizima QoS, 300 zinarudi. Nimekosea wapi?

Fundi_Mitambo: Pole mkuu. Ruta nyingi za nyumbani zina njia ya mkato: data inapitishwa na chipu yake maalumu, prosesa haiguswi. Ukiwasha QoS, mara nyingi njia hiyo inafungwa, maana kila pakiti (kipande kidogo cha data) lazima isomwe ijulikane ni ya nani. Mzigo wote unaiangukia prosesa, nayo ni ndogo. Pima kasi huku umefungua ukurasa wa hali ya ruta, utaiona inavyohema.

Kebo_Ndefu: Kabla ya kulaumu prosesa, kwenye visanduku vya kasi ulijaza nini? Ruta nyingine zinataka kilobiti. Mimi niliwahi kuandika 50 nikidhani ni megabiti, nyumba nzima ikaganda, nikashinda nikigombana na mtoa huduma. Aibu yangu.

Mleta uzi: Nilijaza kilobiti 300000 kushuka (kupakua) na 300000 kupanda (kupakia). Prosesa inagota asilimia 100.

Fundi_Mitambo: Na kupanda ukipima unapata ngapi?

Mleta uzi: 20. Duh.

Fundi_Mitambo: Basi ndiyo hapo. Ruta inaamini kuna nafasi ya 300, kwa hiyo haimzuii mtu. Foleni inajipanga mbele yake, kwenye modemu, ambako kipaumbele chako hakitambuliki. Dalili umeitaja mwenyewe: wao hawakusikii, wewe unawasikia. Tatizo ni kupanda, siyo kushuka. Weka kupanda megabiti 18 (kwa kilobiti andika 18000), yaani asilimia 90 ya unachopata kweli, ili foleni ibaki kwenye ruta. Kushuka ondoa kikomo kama ruta inaruhusu.

Kebo_Ndefu: Pia mtafute anayepandisha vitu jioni. TV inashusha tu, haina kosa hapo. Angalia simu.

Usiku_Mwingi: Mimi kupanga vifaa kwa vyeo niliacha zamani. Kama ruta yako inakubali OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta), weka SQM, kifurushi chake cha kusimamia foleni, na uchague CAKE, mbinu mojawapo ya kuipanga foleni hiyo. Inamgawia kila mmoja zamu yake, hakuna haja ya kumkweza mtu. Ila nayo inakula prosesa, usije ukasema hukuambiwa.

Mleta uzi: Mrejesho. Kupanda nimeweka 18, kushuka nimeacha wazi. Napata 230, siyo 300, lakini leo nimemaliza kikao cha saa nzima bila mtu kuniambia "rudia". Pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) iliyokuwa inaruka hadi milisekunde 400 sasa haivuki 40. Mkosaji amepatikana: simu ya kijana wangu, ikinusa waifai tu inaanza kupandisha video zote za siku. Huduma hiyo nimeizima, ataiwasha mwenyewe akienda kulala.