Pesa za msaada: wapewe wote au wachaguliwe?

MamaMbaazi: Asalaam alaykum jamani. Nauza mahamri na mbaazi hapa Majengo. Pesa za wazee za serikali zikiingia, wateja wangu wawili hufuta deni daftarini, na kesho yake nakanda kilo mbili zaidi.

Lakini wakati wa korona kuna waliopita wakiandikisha nyumba za kusaidiwa. Jirani yangu, mjane, akaachwa: eti sakafu ina vigae na mwanawe yuko Saudia. Vigae ni vya mwenye nyumba! Na huyo mwana alikuwa hajatuma hata ya sukari. Mlango wa pili, penye bodaboda tatu za biashara, wakaandikwa. Si afadhali apewe kila mtu yakaisha? Au bei zitapanda turudi palepale?

MwalimuMtongwe: Waalaykum salaam mama. Bei usiziogope sana. Shirika la msaada la GiveDirectly waligawa kama dola 1,000 kwa kila familia, zaidi ya familia 10,500 kule Siaya, magharibi mwa Kenya, na watafiti wakafuatilia. Bei zilipanda wastani wa asilimia 0.1 tu, na kila dola ikazaa kama 2.5 katika uchumi wa pale, maana aliyepewa alinunua kwa asiyepewa. Ndiyo zile kilo zako mbili. Lakini hata wao walichagua: kipimo chao kilikuwa paa la nyasi; kwenu, vigae.

MpangajiLikoni: Siaya mtu analala kwake. Hapa mwenye nyumba akisikia kila mpangaji ana shilingi 2,000 mpya kama za wazee, mwezi hauishi kabla hajabisha hodi.

MamaMbaazi: Wallahi huyo wangu atakuja kabla hazijaingia.

Hesabu_Tu: Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Mpe kila mmoja 2,000 kwa mwezi: trilioni 1.1 kwa mwaka, kama robo ya bajeti nzima ya nchi. Ndiyo maana 2018 serikali ilianza na wote waliofika miaka 70 wasio na pensheni ya serikali, bila kupima umaskini. Hao walikuwa wachache, na hakukuwa na wa kuja kukagua sakafu. Kitambulisho kilitosha.

MamaMbaazi: Kitambulisho? Jirani yangu mwaka wake ulikisiwa na karani. Kwa karatasi, yeye ni mdogo kuliko nduguye aliyembeba mgongoni.