Meseji za kikoba haziendi kwa wanachama, naombeni msaada kabla ya Ijumaa

Katibu_Kikoba:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Mbeya, tuko kama 30. Kila Ijumaa natuma meseji moja kwa wote: mkutano saa ngapi, marejesho ya nani yamefika tarehe, nani anashika funguo za sanduku. WhatsApp haitufai maana zaidi ya nusu wana vitochi, zile simu ndogo za vitufe, na wengine wanaishi huko juu ambako intaneti ni ya kubahatisha.

Tangu nihamishie laini kwenye simu mpya ya Android, nikichagua majina yote na kutuma, inazunguka kidogo kisha inaniletea maandishi mekundu kwamba haijatumwa. Salio lipo. Kifurushi cha meseji za mitandao yote kipo. Kupiga napiga vizuri na meseji za watu zinaingia. Nimeshazima simu na kuwasha, nimeweka hali ya ndege na kuitoa, ni vilevile.

Kinachoniuma ni kwamba saa ya mkutano uliopita ilibadilishwa, na mama wawili ambao hawakupata taarifa wakatozwa faini ya kuchelewa. Kwa mtu anayeuza mchicha faini ile si hela ndogo. Mwenye ujuzi anisaidie jamani.

Dogo_Soweto:
Rudisha simu ilivyotoka kiwandani, itakaa sawa.

Fundi_Mwanjelwa:
Dada katibu, usifanye hivyo. Utapoteza meseji zote za marejesho ambazo hazina nakala na shida inaweza kubaki palepale. Tujue kwanza inakwama wapi. Ukimtumia mtu mmoja mmoja inaenda? Zisizoenda ni za watu walewale kila mara? Na hiyo meseji ina urefu gani, unaweka vile vikatuni vya uso na mikono?

Katibu_Kikoba:
Asante kaka. Mmoja mmoja zinaenda, isipokuwa wanachama kama wanne hivi ambao inabaki "inatuma" mpaka kesho yake. Hao ni walewale. Meseji ni ndefu kiasi, na ndiyo, naweka emoji ya mikono na maua, akina mama wanapenda.

Fundi_Mwanjelwa:
Basi una matatizo mawili yaliyokutana, na laini yako ni nzima. Ingekuwa mbovu hata ya mtu mmoja isingetoka.

La kwanza ni kundi. Ukichagua watu wengi kwa mpigo, simu nyingi za Android haziwatumii SMS. Zinatengeneza mazungumzo ya kundi na kuyatuma kama MMS, ile meseji ya kubeba picha inayopita kwenye data. MMS inataka data iwe imewashwa na mipangilio ya APN, ile inayoiunganisha simu na data ya mtandao wako, iwe sahihi, na hata ikitoka, kitochi cha kawaida hakiwezi kuifungua. Ingia kwenye programu ya meseji, gusa picha yako juu, nenda mipangilio ya meseji, halafu sehemu ya mipangilio ya ziada. Utakuta meseji za kikundi. Chagua ile inayosema kila mpokeaji atumiwe SMS yake peke yake na majibu yaje moja moja. Hapo kila mama atapata yake, na hatajua hata kama umewatumia wengine.

La pili ni hao wanne. Nina swali moja: je, zamani walikuwa na simu janja, sasa wako kwenye vitochi?

Katibu_Kikoba:
Umejuaje? Watatu ndivyo ilivyo. Mmoja simu yake iliibwa, wawili waliuza. Wa nne simjui vizuri.

Fundi_Mwanjelwa:
Programu ya meseji ya Google ina kitu kinaitwa RCS, meseji inayopita kwenye intaneti badala ya SMS. Namba ya mtu ikishasajiliwa humo, simu yako inaendelea kuamini kwamba bado anapokea kwa intaneti, hata kama laini sasa imo kwenye kitochi. Inamsubiri awe hewani kwenye data, na hawezi kuwa hewani. Angalia kisanduku cha kuandikia ukifungua jina lake, kitaonyesha neno RCS badala ya SMS.

Dawa ya haraka ni kubonyeza kwa muda kile kitufe cha kutuma au meseji iliyokwama, uchague itumwe kama SMS. Ya kudumu: kwenye mipangilio ya RCS washa ile ya kutuma tena kama SMS yenyewe pale intaneti inaposhindikana, au zima RCS kabisa. Kwa kazi yako ya kikoba mimi ningezima. Hao mama pia wanaweza kufutiwa usajili wa namba zao kwenye ukurasa wa Google, wanaingiza namba na wanatumiwa tarakimu za kuthibitisha kwa SMS. Mtu mwenye intaneti awasaidie akiwa nao hapohapo.

Sasa hizo emoji. SMS moja inabeba herufi 160 za kawaida. Ukiweka emoji hata moja, meseji nzima inabadilishiwa uandishi na kila SMS inabeba 70 tu. Ikiwa ndefu na kukatwa vipande, kila kipande ni 153 bila emoji, au 67 ukiwa nayo. Meseji ya herufi 300 bila maua ni SMS 2. Ukiweka ua moja inakuwa 5. Zidisha kwa watu 30: SMS 60 dhidi ya 150. Kifurushi kinaweza kuisha katikati ya orodha, na wa mwisho kwenye orodha ndio wanaokosa.

Kamau_wa_Ruiru:
Naomba niulize hapa hapa. Laini yangu ilikuwa kwa kabambe, yaani kitochi, nikaiweka kwa simu ya dadangu. Hakuna meseji hata moja inatoka, kwa mtu yeyote, lakini zinaingia vizuri. Kredo iko.

Fundi_Mwanjelwa:
Yako ni tofauti ndugu. Meseji unayotuma hupita kwanza kwenye kituo cha meseji cha mtandao wako, na namba ya kituo hicho kwa kawaida imeandikwa ndani ya laini. Ikifutika au ikikosewa, hutumi kitu. Zinazoingia zinatoka kituo cha mtandao wa anayekutumia, ndiyo maana hazikwami.

Weka laini kwenye simu nyingine. Ikikataa na huko, tatizo ni laini. Omba namba ya kituo cha meseji kwa huduma kwa wateja, uiandike ikianza na +254 ya Kenya. Kwenye kabambe iko ndani ya mipangilio ya meseji. Kwenye Android nyingi unabonyeza *#*#4636#*#*, unaingia taarifa za simu, unashuka mpaka SMSC, ndiyo namba ya kituo cha meseji. Simu nyingine huficha sehemu hiyo, basi tumia kabambe. Ikigoma, badilisha kadi dukani kwa mtandao wenyewe, na PIN ya pesa usimpe mtu anayekutengenezea.

Mama_Ilemi:
Mimi ni mwanachama wa kikoba kingine. Katibu, hizo faini warudishieni hao mama, taarifa hawakuipata.

Katibu_Kikoba:
Nimeshaongea na mwenyekiti, zinarudishwa Jumapili. Kaka fundi, nimefanya yote. Nimezima RCS, kundi nimeliweka la SMS moja moja, maua nimetoa. Nimetuma ya majaribio na majibu yanaingia, hata wale watatu. Wa nne bado kimya.

Fundi_Mwanjelwa:
Vizuri sana. Huyo wa nne angalia namba yenyewe, pengine ina tarakimu pungufu: ikianza na 0 inatakiwa iwe na tarakimu 10. Halafu washa ripoti ya SMS kufika, iko palepale kwenye mipangilio ya ziada. "Imetumwa" maana yake imetoka kwako tu. Ripoti ikisema imefika, ndipo ujue ipo kwenye simu yake. Asiyekuwa na ripoti mpaka Jumamosi asubuhi, mpigie.